Mishipa Iliyojitokeza Mwilini: Ipi Uiache, Ipi Uiwahishe Hospitali

Mshipa unaoonekana juu ya ngozi peke yake si ugonjwa. Mara nyingi ni mshipa uleule uliokuwapo miaka yote, ila sasa kuna jambo limeufanya uonekane, na jambo hilo ndilo la kulitafuta. Sababu zenyewe hazizidi tatu. Ama kilichokuwa kinaufunika kimepungua, ama damu inayoupitia imeongezeka au inatuama ndani yake, ama njia iliyo mbele yake imeziba. Barabara kuu ikifungwa, magari hujaa njia za panya. Damu nayo hufanya hivyohivyo, na mishipa midogo ya chini ya ngozi ambayo jana haikuonekana leo inatuna kwa sababu imebebeshwa mzigo usio wake. Sababu mbili za kwanza kwa kawaida hazina haraka. Ya tatu ndiyo inayomlaza mtu wodini.

Mishipa tunayoizungumzia hapa ni vena, yaani ile inayorudisha damu kwenye moyo. Kuta zake ni nyembamba, shinikizo lake ni dogo, na haidundi. Ukiweka kidole juu ya mshipa uliojitokeza ukauhisi unadunda pamoja na mapigo ya moyo, huo ni ateri, na maelezo yake ni mengine. Wapo pia wagonjwa wa figo wenye mshipa mnene wa mkononi unaotetema ukiguswa: huo umetengenezwa makusudi kwa upasuaji ili damu isafishwe kwa mashine. Asiuogope mtu, na asikubali mtu yeyote apime presha au atoe damu kwenye mkono huo.

Isiyo na neno

Tuanze na joto. Mwili ukipata joto hupeleka damu nyingi karibu na ngozi ili ipoe, kwa hiyo mikono ya mtu aliyeshinda juani Februari huko Tanga itaonyesha mishipa ambayo asubuhi ya Juni haionekani kabisa. Mazoezi na kazi nzito hufanya zaidi ya hapo: misuli inajaa damu, inakuwa minene na kuisukuma mishipa juu. Mbeba mizigo wa sokoni au mnyanyua vyuma ana mishipa ya mikono iliyotuna mwaka mzima na hana tatizo lolote. Aliyepungua uzito ataiona pia, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi ndiyo yaliyokuwa yanaificha. Tahadhari ni moja tu: kama umekonda bila kukusudia, nenda ukapimwe kwa ajili ya huko kukonda, wala si kwa ajili ya mishipa. Umri nao hupunguza unene wa ngozi, na mgongo wa kiganja ndio unaoonyesha mapema.

Rangi ya ngozi inabadilisha sura ya jambo. Kwenye ngozi nyeupe mshipa huonekana kama mstari wa buluu au kijani hata ukiwa haujatuna. Kwenye ngozi nyeusi mstari huo mara nyingi hauonekani, na kinachoonekana ni tuta. Ndiyo maana watu wengi weusi hugundua mishipa ya miguu ikiwa imeshakuwa minene. Tumia mwanga unaotoka ubavuni badala ya utosini, kisha pitisha vidole. Vidole huhisi kabla ya macho kuona.

Kipimo cha nyumbani kwa mishipa ya mikono hakigharimu kitu. Ning'iniza mkono ubavuni kwa dakika moja mpaka mishipa ijae, kisha uinue juu ya kichwa. Katika sekunde chache mishipa inapaswa kunywea, kwa sababu damu inateremka kurudi kifuani. Fanya kwa mikono yote miwili. Mkono mmoja ukinywea na mwingine ukabaki umetuna huku umeinuliwa, kuna kizuizi kwapani, begani au kifuani, na hilo si la kusubiri.

Kuna sababu moja ambayo wengi hawaitaji hata wakiulizwa, nayo ni mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina steroidi kali, hasa klobetasoli, ambayo ikipakwa kwa miezi hula tabaka la ndani la ngozi linaloipa unene na mnyumbuko. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, inachubuka kwa kuguswa kidogo, inatoka michirizi kwapani na mapajani, na mishipa ya uso, kifua na mikono inaanza kuonekana. Hapo mishipa ni mizima. Ngozi ndiyo iliyoharibika. Kuacha ghafla baada ya miaka ya kupaka kunaweza kuleta uso mwekundu unaowaka na vipele. Na kama ilipakwa mwili mzima kila siku, tezi zinazotengeneza steroidi ya asili ya mwili zinaweza kuwa zimelala, na mtu akaishiwa nguvu na kushuka presha. Mwambie daktari ukweli wote na jina la krimu. Hakuna dawa ya mishipa itakayosaidia huku krimu ikiendelea kupakwa.

Ujauzito nao una mishipa yake. Kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, homoni hulegeza kuta za mishipa, na tumbo la uzazi linapokua hukandamiza mishipa mikubwa ya nyonga. Matiti huonyesha mishipa tangu wiki za mwanzo. Miguuni, na hata kwenye mashavu ya uke, mishipa inaweza kutuna sana na kuleta uzito. Hiyo ya ukeni humtia mama hofu lakini kwa kawaida hunywea wiki chache baada ya kujifungua, na haimzuii kujifungua kwa njia ya kawaida. Ya miguuni hupungua polepole kwa miezi mitatu minne, ingawa kila mimba huacha kidogo.

Miguu yenye mishipa iliyopinda

Damu ya miguuni inapanda kwenda juu, na kinachoizuia isirudi chini ni vali ndogo zilizopangwa ndani ya vena. Misuli ya vigimbi ndiyo pampu: kila hatua inabana, damu inapanda, vali inafunga nyuma yake. Vali ikilegea, damu inarudi na kutuama, mshipa unapanuka, na upanuzi huo unazifanya vali za chini yake zisikutane. Ndiyo maana tatizo huwa linakua badala ya kubaki pale lilipoanzia. Vena iliyofikia upana wa milimita 3 au zaidi mtu akiwa amesimama ndiyo inayohesabiwa kuwa imevimba kweli. Vile vimishipa vya chini ya milimita 1 vinavyotawanyika mapajani kama uzi ni suala la urembo tu mara nyingi.

Wanaopata zaidi ni wanawake waliozaa mara kadhaa, wenye uzito mkubwa, wale ambao wazazi wao walikuwa nayo, na wanaosimama kutwa mahali pamoja: walimu, walinzi, wapishi, vinyozi, wauza duka. Kutembea hakuwadhuru. Kinachowaumiza ni kusimama bila kutembea, kwa sababu pampu ya kigimbi imezimwa.

Mguu unakuwa mzito jioni, unawasha, unakaza misuli usiku, kifundo kinavimba na asubuhi kimeshuka. Hapo bado ni hatua ya kuishi nayo. Ishara kwamba shinikizo limeanza kuharibu ngozi ziko upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo: ngozi inakuwa nyeusi zaidi au ya kahawia, inakauka na kuwasha, kisha inakuwa ngumu kama ubao. Kidonda kikitoka mahali hapo kinaweza kukaa miaka kama kinasafishwa na kufungwa bandeji laini tu, kwa kuwa kinachokilisha ni shinikizo la damu iliyotuama, na bila kulipunguza hakifungi. Wagonjwa wengi hupewa antibayotiki mzunguko baada ya mzunguko bila mtu yeyote kuuangalia mguu wakiwa wamesimama. Hilo ni kosa la kawaida mno.

Soksi za kubana husaidia zikichaguliwa vizuri. Zinazotumika kwa kawaida ni zenye nguvu ya kubana ya milimita 20 hadi 30 za zebaki (mmHg), na zimeandikwa hivyo kwenye pakiti. Soksi nene ya mtumba inayobana goti na kuacha kifundo huru inafanya kinyume cha kinachotakiwa. Pima asubuhi kabla mguu haujavimba: mzunguko wa kifundo mahali pembamba, mzunguko wa kigimbi mahali panene, na urefu toka kisigino hadi chini ya goti. Vaa kabla ya kushuka kitandani, vua wakati wa kulala, usiikunje ukosi juu kwa sababu mkunjo hugeuka kamba. Baada ya miezi sita hivi huwa imelegea. Ila mwenye kisukari, mvutaji sigara wa muda mrefu, au mtu ambaye kigimbi humuuma akitembea na kutulia akisimama, apimwe kwanza mapigo ya unyayo. Kama damu ya kwenda mguuni haitoshi, soksi ya kubana inaweza kuua vidole.

Zaidi ya soksi: inua miguu juu ya usawa wa moyo dakika 15, mara tatu au nne kwa siku. Kuiweka juu ya kigoda haitoshi; lala, weka mito. Ukisimama kazini, nyanyuka kwa ncha za vidole mara 20 kila nusu saa. Matibabu ya kuondoa kabisa yapo katika hospitali kubwa za mijini: kuuchoma mshipa kwa ndani kwa leza au joto la mawimbi ya redio, kuchoma sindano ya dawa inayouziba, au kuutoa kwa upasuaji. Damu haikosi njia, kwa kuwa sehemu kubwa ya damu ya mguu hupita vena za ndani kabisa. Dawa za kupaka zinazouzwa kwa ahadi ya kuinyoosha mishipa hii haziwezi kutengeneza vali. Ziache dukani.

Mshipa wa namna hii ukipasuka hutoa damu nyingi bila maumivu, mara nyingi bafuni. Mlaze mtu chini hapohapo, inua mguu juu ya moyo, bonyeza penye tundu kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Usifunge kamba juu ya jeraha: kamba isiyokaza sana huzuia damu kurudi na kuongeza uvujaji.

Mguu mmoja uliovimba ghafla

Hapa ndipo mishipa mipya inapokuwa ushahidi wa kitu kingine. Damu ikiganda kwenye vena ya ndani ya mguu, ile ya juu hubeba mzigo na kujitokeza. Haijapinda wala haina mafundo. Ni mistari mipya iliyojaa kwenye mguu uliovimba, wenye joto, unaouma kigimbini au pajani. Pima miguu yote miwili kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya pia ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 inahesabika, na pamoja na mishipa mipya ya juu ya ngozi ni miongoni mwa alama ambazo madaktari hutumia kukadiria uwezekano wa bonge la damu.

Uwezekano unapanda kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aliyelazwa siku kadhaa, mwenye saratani, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mjamzito, na mama aliye ndani ya wiki sita baada ya kujifungua. Kukaa kwenye basi toka Dar es Salaam hadi Mwanza peke yake si sababu kubwa, lakini kukiongezwa juu ya mojawapo ya hizo kunahesabika. Kwa wajawazito huwa zaidi mguu wa kushoto, kwa sababu vena ya upande huo inapita chini ya ateri na kubanwa nayo.

Mguu wa namna hiyo usikandwe, usichuliwe kwa mafuta, usivutwe na mtaalamu wa viungo. Mzazi aliye ndani ya arobaini ndiye aliye hatarini zaidi hapa, kwani kukandwa kwa maji ya moto ni desturi na mguu uliovimba huonekana kama uchovu wa uzazi. Bonge likikatika hupanda hadi mapafuni: pumzi inakata ghafla, kifua kinachoma ukivuta hewa, moyo unakwenda mbio, mtu anaweza kukohoa damu au kuzimia. Kipimo cha mguu ni ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita ndani ya mshipa, na dawa ni za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida si chini ya miezi mitatu.

Kamba ngumu, nyekundu au nyeusi, inayouma chini ya ngozi ni bonge la vena ya juu. Ikitokea mkononi mahali palipokuwa na dripu, huisha kwa kitambaa cha uvuguvugu na dawa ya maumivu, mradi hakuna homa wala usaha. Ikiwa mguuni, ina urefu wa sentimita 5 au zaidi, au inapanda kuelekea kinena, ipigwe ultrasaundi.

Shingo, kifua na bega

Vena za shingo hutuna mtu akilala chali, akiimba, akipiga kelele au akinyanyua gunia. Zikibaki zimejaa ameketi wima na ametulia, moyo haupokei damu inavyopaswa. Katika ukanda wetu, pamoja na moyo kuchoka, daktari atafikiria maji kuzunguka moyo yanayoletwa na kifua kikuu, hasa kwa anayeishi na VVU. Miguu kuvimba na kushindwa kulala bila mito mingi huandamana na hali hiyo.

Mishipa mipya kifuani na mabegani, na uso unaovimba asubuhi au ukiinama, inaashiria kwamba vena kubwa ya juu ya kifua imebanwa: na uvimbe wa mapafu, saratani ya tezi za limfu, goita lililoshuka kifuani, au mrija wa kusafishia damu uliokaa muda mrefu shingoni. Inua mikono yote juu dakika moja; uso ukijaa na kuwa mzito, pumzi ikabana, ni hospitali siku hiyohiyo. Kwa kijana mzima, mkono mmoja uliovimba na kuwa mzito siku moja mbili baada ya kupaka rangi dari au kunyanyua vyuma, na mishipa imejichora begani, ni bonge la damu lililokwama kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza. Huchukuliwa kuwa msuli umevutika, na siku zinapotea.

Tumbo

Damu yote ya matumbo na bandama hupita kwenye ini kabla ya kufika moyoni. Ini likiwa na makovu, shinikizo nyuma yake hupanda na damu hutafuta njia nyingine: kuzunguka kitovu, na kupitia koo la chakula. Mishipa ya kitovuni unaiona. Ya kooni huioni, na ndiyo inayopasuka.

Homa ya ini aina ya B na pombe ni sababu zinazojulikana. Kandokando ya Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe na Mwanza hadi Mbita na visiwa vya Homa Bay, kuna sababu nyingine ambayo haitajwi vya kutosha: kichocho cha tumbo. Minyoo huishi kwenye vena za matumbo, mayai yake huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, na kila yai huacha kovu dogo. Miaka inapita. Ini lenyewe linaendelea kufanya kazi, macho hayawi ya manjano, mtu anavua na kulima kama kawaida, ila bandama imekua hadi inashikika chini ya mbavu za kushoto. Halafu siku moja anatapika damu. Kichocho cha Unguja na Pemba ni cha njia ya mkojo, nacho kwa kawaida hakileti haya.

Prazikwanteli hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 2400, yaani vidonge vinne vya miligramu 600. Inaua minyoo, na makovu ya mapema yanaweza kupungua, lakini makovu makubwa hubaki. Kwa hiyo mwenye bandama kubwa au mishipa tumboni anahitaji pia ultrasaundi ya ini na kipimo cha kamera ya koo, ili mishipa hatari ifungwe kwa mipira midogo au apewe propranololi, dawa ya kupunguza shinikizo hilo. Aepuke diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu, na ni dharura sawa na kutapika damu.

Unaweza kuangalia damu inaelekea wapi. Weka vidole viwili vya shahada vikigusana juu ya mshipa, bonyeza, kisha vitenganishe sentimita 5 huku ukiukamua mshipa. Achia kidole kimoja, tazama kama unajaa upesi. Rudia kwa kuachia kingine. Upande unaojaza haraka ndiko damu inakotoka. Kama chini ya kitovu damu inashuka na juu ya kitovu inapanda, tatizo ni ini. Ikipanda kila mahali hadi mbavuni, vena kubwa ya tumbo imeziba. Ikishuka kila mahali kutoka kifuani, rudi kwenye maelezo ya kifua.

Titi, korodani na mtoto

Titi moja lililotoa mishipa mipya kwa mwanamke asiye mjamzito wala hanyonyeshi likaguliwe siku za karibu: tafuta uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, ngozi yenye vitundu kama ganda la chungwa, tezi kwapani.

Mishipa ya korodani iliyotuna upande wa kushoto huwapata wanaume wapatao 15 kwa kila 100, na inaposumbua ni kwa sababu ya maumivu au kuchelewa kupata mtoto. Ikitokea ghafla, ikawa ya kulia peke yake, au ikakataa kunywea mtu akilala, figo zipigwe ultrasaundi, kwa kuwa uvimbe wa figo unaweza kuziba vena hiyo.

Mtoto mchanga kuonyesha mishipa kwenye paji, juu ya pua na tumboni ni kawaida, maana ngozi yake ni nyembamba. Kisicho cha kawaida ni mishipa ya kichwani kutuna huku kichwa kikikua upesi, utosi umevimba hata akiwa ameketi ametulia, na macho yakielekea chini. Hiyo ni dalili ya maji kujaa kichwani, na kila wiki ya kuchelewa inaugharimu ubongo. Tumbo kubwa gumu lenye mishipa nalo lisiitwe minyoo kabla ya ultrasaundi.

Ukienda hospitali, piga picha ya mshipa kwanza jioni unapokuwa umejaa, na uandike ulianza lini, upande gani, na dawa na krimu zote unazotumia. Kama ni ya miguuni, omba kukaguliwa umesimama. Ukilala kitandani kwa daktari kwa dakika chache, mishipa inanywea, na unaweza kurudishwa nyumbani ukiambiwa huna kitu.